Mlima Kwenye Kioo cha Pembeni

Jumapili, baada ya ibada ya pili,
tunakutana uani kwa Mfinanga, kule Njoro,
watu wanne, mara watano mvua isiponyesha,
na hoja ni ileile: basi gani.

Ndelilio haulizwi. Anakwambia.
Leyland, anasema, Leyland ya pua ndefu,
ile nyekundu aliyoizungusha Majengo, Soko la Kati, Kibosho,
mpaka wote wawili wakastaafu.
Gia ya pili huingizwi kwa nguvu, unabisha hodi,
unakanyaga klachi mara mbili
kama mtu anayefuta miguu mlangoni.
Basi lisilokudai kitu, anasema, halikujui.

Mfinanga anatema kapi la muwa.
Yeye ni Isuzu tu,
kwa sababu injini yake unaifungua kwa spana tatu
na unawahi nyumbani ugali ungali moto.
Mapenzi ya fundi hayo, tunamcheka:
anampenda asiyemwita.

Kisha Eliamini, kijana wa Rau,
ambaye hajaendesha hata toroli.
Huyu anajua mwaka wa bodi, rangi ya ukanda ubavuni
kabla haujapakwa upya,
na mabasi ya mji huu anayatambua kwa mlio.
Tunamfunga macho kwa leso yangu.
Linapita moja huko barabarani.
"Coaster. Ya KCMC. Beringi ya nyuma kulia inalia."
Mfinanga anakimbia mpaka getini kuhakikisha,
anarudi kimya,
anamkatia kijana pingili ya muwa.

Mimi nashona viti.
Miaka ishirini na sita nimelijua basi
kuanzia makalioni kwenda juu.
Najua springi ipi imechoka,
sponji ipi ilikuwa godoro la mtu,
na najua kiti kilicho bora Moshi nzima:
cha kwanza kushoto, nyuma ya mlango,
kwenye Leyland hiyohiyo ya Ndelilio.
Joto la injini lilikupasha magoti mwezi wa Julai
wakati baridi inateremka toka juu kama mdai.
Nilikaa hapo nikienda shule.
Nilikaa hapo nikirudi na mtoto wa siku tatu ndani ya khanga.
La kupanda, basi, nimeshachagua.

"Na la kuendesha?" wananiuliza, wakijua.

Jumapili iliyopita Ndelilio akanirushia ufunguo.

Leyland imelala uani hapo mwaka wa nne,
Mfinanga huiamsha kila wiki isije ikasahau.
Usukani mpana kama ungo wa ulezi.
Nikabisha hodi kwa klachi. Gia ikasaga meno.
Ndelilio akafumba macho kama anayechomwa sindano.
Mara ya tatu ikaitika.

Ua ule unateremka kidogo kuelekea kusini.
Nilikwenda hatua themanini, labda chini ya hapo,
mbele yangu ukuta wa matofali na mbuzi wa jirani,
hakuna cha kutazama.
Ndipo jicho likaangukia kioo cha pembeni:
mlima wote umo humo, Kibo na weupe wake,
unatetemeka na injini
kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka.

Kumbe.
Miaka yote ile tukishuka mjini
abiria tumeupa mgongo, tukihesabu chenji,
na dereva peke yake alikuwa nao,
akiutupia jicho la wizi, akibadili gia.

Nikakanyaga breki. Injini ikazimika.
Mlima ukatulia kioni kama picha ya kalenda,
na sikuupenda hivyo.

"Sasa mama, lipi?" Eliamini akauliza, kaning'inia dirishani.
Sikumjibu. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo,
na chini yangu nilikuwa nimegundua jambo jingine:
kiti cha dereva kimepasuka ubavuni,
nyuzi nje, sponji nje,
na katika miaka ishirini na sita
hakuna aliyewahi kuniletea hicho.

Kesho nakuja na sindano.